Nani Kalifunga Dirisha la Mama Mkubwa

Kama kuna neno lililompandisha Kona presha, ni neno chipukizi. Msanii chipukizi, mpiga picha chipukizi, kipaji chipukizi. Mwenyewe alikuwa ameshavuka thelathini, mvi ya kwanza ameing'oa mbele ya kioo na ya pili ameiacha kwa uvivu, na bado kila aliyemtambulisha mbele ya watu alimtambulisha kama mche wa nyanya uliotoka jana. Na mche, kila apitaye anajiona ana haki ya kuumwagilia maji na kuupogoa. Kona alikuwa ameshapogolewa vya kutosha, ndiyo maana siku yenyewe ilipofika hakuwa na akiba kubwa ya uvumilivu.

Jina la Kona alipewa na majirani wa utotoni. Tangu alipopata kamera yake ya kwanza, ya mtumba, yenye mkanda uliokatika, ukimtafuta ungemkuta kwenye kona ya mtaa fulani, shingo juu, anatazama jengo kwa ukali kama mtu anayedai majibu. Alipiga picha za majengo tu. Harusi alikataa, pasipoti alikataa, sherehe za watu wakubwa alikataa hata pale alipokuwa hana nauli. Ndugu walisema ana kiburi. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alisema mwacheni, mtoto ana macho yake.

Lakini majengo hayo hakuyapiga hivi hivi. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliozaa kesi yote. Kona hakupiga picha ya jengo kabla hajaingia ndani. Angefika mji mgeni kwa basi, miguu imevimba, angeacha begi kwa ndugu wa rafiki wa mtu fulani, halafu angekwenda kwenye jengo lililomvutia na kubisha hodi. Angekaribishwa, angeketi, angesikiliza habari za bomba linalovuja na mwenye nyumba asiyepokea simu. Mwisho wa yote angeomba jambo moja: kesho, saa fulani, nikiwa ng'ambo ya barabara, naomba ufungue dirisha lako. Lako tu. Baada ya hapo angepita mlango kwa mlango kuwabembeleza wengine wote wafunge ya kwao kwa muda mfupi, kazi iliyomgharimu soli za viatu na matusi ya kila namna.

Kwa hiyo katika kila picha yake kulikuwa na ukuta mzima wa madirisha yaliyofungwa, na moja tu lililo wazi. Daktari wa meno alifungua la kwake katika jengo la mviringo lililokuwa zamani ghala la pamba. Mlinzi wa benki alifungua dirisha la stoo huko juu kabisa na nusura afukuzwe kazi. Mapacha washonaji waligombana nani afungue, wakaishia kufungua kila mmoja upande wake. Ukiitazama picha kwa haraka unaona jengo. Ukitulia, jicho linakwenda lenyewe kwenye lile dirisha, unaanza kujiuliza nani yuko ndani. Hicho tu ndicho Kona alichokitaka, na alikisafiria miaka na miaka kwa nauli za kuungaunga.

Picha aliyoipiga mwisho ilikuwa ya karibu kuliko zote. Ilikuwa ya maghorofa waliyojengewa zamani wafanyakazi wa reli, yale yale aliyokulia, marefu kwa upande kuliko kwenda juu, yenye madirisha ya mbao yaliyopangana safu kwa safu. Mama Mkubwa aliishi ghorofa ya tatu, na dirisha la sebule yake lilikuwa limepigiliwa misumari. Wakati mumewe yu hai, wezi walipanda kwa bomba la maji machafu, wakaingia kwa dirisha hilo, wakachukua redio na saa ya ukutani, na mmoja wao akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kisu mkononi, akimtazama Mama Mkubwa mpaka wenzake walipomaliza. Kulipokucha mume akapigilia misumari. Mume akafa, wezi nao labda walishakufa, misumari ikabaki. Sebule ile iliwashwa taa mchana miaka yote hiyo. Ukimgusia Mama Mkubwa habari ya dirisha angekuuliza kama umekula.

Kona alilijua hilo, ndiyo maana hakumwomba. Alipanga kumwomba jirani wa mlango wa pili, ambaye jengo zima lilimwita Mama Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Hapo ndipo alipopiga hesabu mbovu.

"Nimesikia unamwomba yule dirisha," Mama Mkubwa alimwambia jioni ile, huku anakunja nguo kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

"Ndiyo, Mama. La kwako si lina misumari."

"Mimi nikulee, nikuoshe, nikupeleke shule, halafu kwenye picha atokee yule?"

"Mama, haya si mashindano."

"Kaniletee nyundo."

Hakutaka kusaidiwa. Aling'oa msumari mmoja mmoja, jasho linamtoka, na Mama Redio amesimama mlangoni anawatangazia majirani kama mpira unachezwa. Wa mwisho ulipotoka alikaa kwanza sakafuni, akashika kifua. Asubuhi yake, saa waliyopatana, Kona akiwa ng'ambo ya barabara, zile mbao mbili zikasukumwa nje na mkono ukatokeza. Mkono wa mwanamke mtu mzima, umeegemea dirisha mpaka kwenye kiwiko, umetulia, kana kwamba ulikuwa pale siku zote. Kona alipiga picha ile huku analia, na hakuona haya.

Tangu siku hiyo Mama Mkubwa hakulifunga tena mchana. Na alimwambia kila mtu, kuanzia ngazini mpaka dukani, kwamba yeye yumo kwenye picha. Mama Redio alijibu kwa niaba ya wote kwamba wataamini wakiona.

Sasa tuje kwa Msanifu. Huyu alikuwa mzee mmoja, msanifu majengo mstaafu, shati jeupe limenyooka, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Majengo mengi marefu ya mji ule yalitoka kwenye kalamu yake, na chini ya mojawapo alikuwa amefungua ukumbi wa maonyesho. Kila mwaka alimchagua chipukizi mmoja. Chipukizi huyo alionyeshwa kwa wageni wakubwa, na akiwaridhisha, siku ile ile alitangaziwa safari: nusu mwaka wa kuzunguka miji ya nchi za mbali na kamera yake, nauli, malazi na chakula juu ya ukumbi. Kwa Kona, aliyezoea kulala kwenye makochi ya watu na kupiga picha tumbo likinguruma, safari hiyo ndiyo ilikuwa maisha yenyewe. Ramani za miji ile alikuwa amezitazama mpaka anaijua mitaa kwa majina. Mwaka huo akachaguliwa yeye. Msanifu alimwambia asihangaike na uchapaji, atume tu mafaili, ukumbi una fundi wake.

Mafaili akatuma. Hakuwa na sababu ya kuogopa.

Siku ya ufunguzi alifika mchana, wageni wakitarajiwa jioni. Picha zilikuwa zimeshatundikwa, kubwa kuliko alivyowahi kuziona, kila moja na upana wa kitanda. Alisimama mlangoni akiwa na furaha ya kitoto kabisa. Kisha akasogelea ile ya kwanza, jengo la mviringo, na kitu fulani hakikumkaa sawa. Akasogea zaidi. Dirisha la daktari wa meno lilikuwa limefungwa.

Alidhani amekosea ghorofa, akahesabu upya kwa kidole. Limefungwa. Akaenda kwa mlinzi wa benki: limefungwa. Kwa mapacha: pande zote mbili zimefungwa, zimenyooka, safi. Mwisho wa ukuta, mahali pa heshima, kulikuwa na maghorofa ya reli. Pale palipokuwa na dirisha la Mama Mkubwa na mkono wake palikuwa na mbao mbili zilizofungwa, na mbao zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za Mama Redio, ambaye alianza kuzipaka rangi ya bluu mwaka fulani na rangi ikamwishia katikati. Mtu alikuwa amenakili dirisha la jirani na kulibandika juu ya la Mama Mkubwa, pamoja na rangi yake iliyoishia katikati.

Fundi wa kuchapa alikuwa juu ya ngazi anarekebisha taa. Watu wa pale walimwita Rula, maana hakuwahi kuona mstari uliopinda akapita zake.

"Kaka, samahani," Kona alisema, na upole wa sauti yake ukamshangaza mwenyewe. "Madirisha yangu yako wapi?"

"Madirisha yapi, dada?"

"Yaliyokuwa wazi."

"Ah, yale. Nimeyafunga." Alisema kwa fahari kidogo. "Kila picha ilikuwa nalo moja. Nikasema huyu dada ana bahati mbaya kweli, kila jengo analokwenda kuna mtu amesahau dirisha."

"Hawakusahau."

"Picha za wasanifu ndivyo tunavyozisafisha siku zote. Dirisha wazi linavunja mstari. Hili la mwisho ndilo lilinitoa jasho, maana kulikuwa na mkono."

"Mkono umeupeleka wapi?"

"Nimeufuta." Rula akashuka hatua moja, akamtazama. "Kwani ulikuwa unautaka?"

Kona aliitazama ile ngazi na jinsi ilivyokuwa rahisi kuitikisa. Hakuitikisa. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa Msanifu.

Ofisi ile ilijaa majengo madogo ya kadibodi, mifano ya kazi zake za ujana, kila moja chini ya kifuniko cha plastiki. Yalikuwa na miti midogo, magari madogo, hata nguzo za taa. Watu hakuweka.

"Karibu, binti yangu," Msanifu alisema. "Umeziona? Zimetulia sana."

"Mzee, mmefunga madirisha."

"Nimekusaidia."

"Sikuomba msaada huo."

"Mkubwa hasubiri kuombwa." Alitabasamu. "Una jicho zuri, hilo halina ubishi. Lakini bado mchanga, mkono haujatulia. Jengo ni mpangilio. Aliyelichora alikesha ili madirisha yale yawe sawasawa. Wewe unafika siku ambayo mtu mmoja ameacha la kwake wazi, unapiga, unaondoka. Ni haraka ya ujana, sote tumeipitia."

"Hakuliacha wazi. Alilifungua. Nilimwomba."

Msanifu alivaa miwani ili amtazame vizuri. "Ulimwomba?"

Kona akaeleza. Alieleza habari ya daktari, ya mlinzi, ya mapacha, ya misumari ya Mama Mkubwa. Alieleza namna anavyobisha hodi na namna anavyotukanwa. Aliongea mpaka koo likakauka, na mzee alimsikiliza kwa adabu zote za mtu anayengoja mvua ipite.

"Hadithi nzuri," alisema mwisho. "Tatizo ni kwamba haionekani kwenye picha."

"Ilikuwa inaonekana. Wewe ndiye uliyeifuta."

Hapo sauti ya Msanifu ikawa laini zaidi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Wageni wanakuja jioni. Hakuna namna ya kuchapa upya. Wanaotoa safari wameshaziona na wamezipenda hivi zilivyo. Leo natangaza jina, na ningependa liwe lako. Ukikataa pia si neno, ukuta huu haujawahi kukosa chipukizi." Alivua miwani. "Nani atajua, binti yangu? Ni wewe, mimi na Rula."

Sasa mtu aliyeshiba anaweza kusema angefanya hivi na vile. Kona aliiona ile miji yote imepangwa mbele yake, na aliyaona makochi ya watu yanayomsubiri kwa miaka mingine. Akasema sawa. Neno lenyewe lilitoka dogo. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema na asante, na asante hiyo ndiyo iliyomchoma mchana kutwa.

Alijifariji. Daktari wa meno yuko mbali, mlinzi yuko mbali, mapacha wako mbali zaidi. Na Mama Mkubwa hawezi kuja, magoti mabovu, lifti ya jengo lile ilikufa zamani na haikuzikwa. Isitoshe mwenyewe alimwambia asijisumbue, picha ataletewa nyumbani.

Jioni ukumbi ukajaa viatu vinavyong'aa. Walimbandika Kona kifuani kadi iliyoandikwa Msanii Chipukizi, wakampitisha kwa mgeni huyu na yule. Wakamvika kilemba cha ukoka kila mmoja kwa zamu yake. Mmoja alisifu mistari. Mwingine alisifu usafi. Mama mmoja mwenye mkufu mzito alimshika mkono na kumwambia kwamba anachokipenda kwenye picha hizi ni kuwa hazina kelele, utadhani hakai mtu. Kona alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo Mama Mkubwa akaingia.

Aliingia ameshikwa kwapa na Mama Redio, na nyuma yao majirani watatu wa ngazi ile ile, mmoja amebeba kiti cha plastiki. Kiti hicho ndicho walichomshushia kutoka ghorofa ya tatu, wakipokezana. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima na viatu vya kufunika ambavyo ni dhahiri vilikuwa vinambana. Macho yake yalikuwa yameshaanza kutafuta kabla hajafika katikati ya ukumbi.

"Shikamoo, Mama. Nilikwambia usijisumbue."

"Marahaba. Nijisumbue lini sasa, nikifa? Iko wapi?"

Kona alifungua mdomo, lakini Mama Redio alikuwa ameshaliona jengo na kulitangaza, na msafara wote ukaelekea huko. Wakasimama mbele ya picha. Mama Mkubwa akanyoosha kidole bila kugusa, akahesabu ghorofa kutoka chini, akahesabu madirisha kutoka pembeni, akasimama. Akahesabu tena.

"Hili si jengo letu?" aliuliza.

"Ndilo," akajibu mmoja wa majirani.

"Mbona dirisha langu limefungwa?"

Majirani wakahesabu nao.

"Lakini nilifungua," Mama Mkubwa alisema. Hakupaza sauti. Aliwageukia majirani zake mmoja mmoja. "Nilifungua. Niliweka na mkono."

Jirani mwenye kiti akakohoa. Mwingine akatazama vidole vya miguu yake. Mama Redio, ambaye wiki nyingi alikuwa akimtania kuhusu picha ile, sasa hakutania, na hilo liliuma kuliko utani. Alimshika bega, akamwambia taratibu, "Labda alipiga siku nyingine, mama. Si kitu. Jengo limetoka vizuri."

"Zile mbao ni zako," Mama Mkubwa alisema.

"Zipi?"

"Zile, kwenye dirisha langu. Rangi yako ile ile uliyoishiwa."

Mama Redio akasogeza uso karibu na picha. Akatazama dirisha lake, akatazama la jirani yake, akarudi kwenye lake. "Ni zangu kweli," alisema. "Mimi nina madirisha mawili tangu lini?"

Msanifu alikuwa amenusa kwamba kuna jambo, akafika na tabasamu lake. Alimwinamia Mama Mkubwa kwa upole mkubwa, akamchukua mkono. "Bibi, usijali. Tukifika umri huu kumbukumbu inatuchezea sote. Hata mimi jana nimetafuta miwani nimeivaa." Wageni waliokuwa karibu wakacheka kwa heshima.

Mama Mkubwa hakucheka. Alimtazama Kona. Hakuuliza kitu wala hakulaumu, alikuwa tu anasubiri mtoto wake aseme. Na Kona, ambaye damu ilikuwa imeshampanda mpaka masikioni, alikuwa ndiyo anavuta pumzi ya kusema, lakini mtu akamwita Msanifu kwenye kipaza sauti, taa zikaelekezwa huko, na kabla watu hawajageuka vizuri jina la Kona likawa limetajwa. Safari ya mwaka huu inakwenda kwa chipukizi wetu. Makofi. Mikono ikamsukuma mbele, kipaza sauti kikawekwa mdomoni mwake.

"Picha hizi si zangu," Kona alisema.

Watu wakatulia.

"Katika kila moja kulikuwa na dirisha wazi. Lilifunguliwa na mtu niliyemwomba, mtu mwenye kazi zake. Yote yamefungwa hapa, kwenye kompyuta. Nimelijua hilo tangu mchana, na nimenyamaza kwa sababu niliitaka hii safari." Akanyoosha mkono kuelekea kwa Mama Mkubwa. "Yule mama pale alifungua dirisha ambalo lilikuwa na misumari. Aling'oa mwenyewe. Aliogopa, akang'oa. Sasa hivi, humu ndani, ameambiwa kwamba anasahau. Hasahau. Alifungua. Hiyo 'bibi, usijali' yenu kaitoeni mahali pengine."

Kona alikuwa tayari kuzomewa, tayari kushikwa mkono na kutolewa nje. Badala yake mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi. Wa pili akaunga, kisha ukumbi mzima. Yule mama mwenye mkufu alikuwa anafuta machozi. "Ana moto," mtu alisema. "Vijana wa namna hii ndio tunaowataka." Na Msanifu, ambaye hakufika pale alipofika kwa kuzubaa, akakivuta kipaza sauti na kucheka. "Mnaona? Hasira ya chipukizi. Bila hasira hakuna sanaa." Makofi yakazidi.

Hapo Kona akachoka kabisa. Wangemtukana angejua la kufanya. Lakini walikuwa wanamshangilia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsikia. Hata Mama Mkubwa hawakumtazama. Akiendelea kusimama pale kidogo tu watampa safari pamoja na hasira yake, watamwandika kwenye kijitabu cha maonyesho ya mwakani, na madirisha yatabaki yamefungwa vile vile.

Akashuka. Akaenda kwenye jengo la mviringo, akaiinua fremu kutoka kwenye ndoano, akaigeuza uso ukutani, akaitundika tena. Wageni wakaona mgongo wa picha: ubao wa kahawia, waya, na gundi ya karatasi. Akaenda kwenye benki, akageuza. Akaenda kwa mapacha, akageuza. Makofi yalikuwa yamekatika zamani.

"Binti," Msanifu aliita, na mara hii hakuongeza neno "yangu". "Fremu hizo ni mali ya ukumbi."

"Ndiyo maana sizichukui."

"Ziache kama zilivyokuwa."

"Wewe hukuziacha kama zilivyokuwa."

"Fikiri habari ya safari. Fikiri vizuri."

"Nimefikiri mchana kutwa, Mzee."

Ya maghorofa ya reli ilikuwa nzito kuliko zote, na peke yake hakuiweza. Alipoinua upande mmoja, upande wa pili nao ukainuka. Mama Redio alikuwa ameshika, midomo ameibana, hana neno. Wakaigeuza pamoja. Rula alikuwa amesimama karibu, na inasikitisha kusema kwamba alichokitazama ni kama imekaa sawa.

Nje walimkalisha Mama Mkubwa kwenye kile kiti, kando ya barabara, wakingoja gari la kuwarudisha. Mama Redio alikuwa amesharudi hewani, anamsimulia mpita njia asiyemjua yote yaliyotokea ndani, na majirani wanamsahihisha. Kona aliibandua ile kadi kifuani, akaitupa kwenye pipa. Kifua kilikuwa chepesi, na alidhani hasira yote ameshaimaliza.

"Hiyo safari," Mama Mkubwa alisema, "ilikuwa ya mbali?"

"Kiasi."

"Usinidanganye."

"Mbali sana, Mama. Nusu mwaka."

Mama Mkubwa alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anayasugua magoti yake, anatazama magari yanayopita. Kisha alivuta mkono wa Kona.

"Basi mimi ndiye niliyekuharibia," alisema. "Ningekaa nyumbani kama ulivyoniambia, ungeenda. Nisamehe, mwanangu."

Ile hasira ikamrudia Kona upya, kubwa kuliko ya ndani, mpaka ikambidi achuchumae mbele ya kiti. Mzee mmoja alifunga madirisha. Fundi mmoja alifuta mkono wa mtu. Yeye mwenyewe alisema asante. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na kati ya watu wote wale, anayeomba msamaha ni huyu, ambaye kosa lake ni kufungua alipoombwa na moyo wake.

"Usiombe, Mama," alisema, meno yameumana. "Leo aombe mtu yeyote. Wewe usiombe."